Kikombe cha Bwana Katika Nchi ya Bohemia: Habari za Jan Hus na Waliomfuata

Mshirika wa Kilutheri anapopiga magoti mbele ya Meza ya Bwana hupewa mkate, na baada ya mkate hupewa kikombe. Ni jambo la kawaida mno, hata hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Lakini katika Ulaya ya Magharibi ya karne ya 14 jambo hilo halikuwako. Mkristo asiye padre alipewa mkate tu. Divai aliinywa padre peke yake madhabahuni. Desturi hiyo haikuwekwa siku moja kwa amri ya mtu mmoja. Iliingia polepole katika karne ya 12 na ya 13, kwanza kwa hofu ya kumwaga divai iliyowekwa wakfu, kisha kwa mafundisho ya wanazuoni kwamba Kristo mzima yumo katika kila umbo, la mkate na la divai, hivyo apokeaye mkate peke yake hapungukiwi kitu. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Hata hivyo ilizaa jambo ambalo walioitoa hawakulikusudia: mahali pale pale ambapo Wakristo wote walipaswa kuwa mwili mmoja, palijengwa ukuta kati ya makasisi na watu.

Nchi iliyoanza kuubomoa ukuta huo ilikuwa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Katikati ya karne ya 14 Bohemia ilikuwa nchi yenye heshima kubwa. Mfalme wake Charles IV alikuwa pia Kaisari. Praha ilipata askofu mkuu wake mwaka 1344, na mwaka 1348 Charles akaanzisha hapo chuo kikuu, cha kwanza katika nchi zile za Ulaya ya Kati. Milima ya Kutná Hora ilitoa fedha nyingi. Kanisa nalo lilikuwa tajiri: lilimiliki sehemu kubwa ya ardhi ya nchi, na vyeo vyake vilitafutwa na watu wengi ambao hawakuwa na haja ya kuhubiri.

Mwaka 1378 Kanisa lote la Magharibi lilipasuka. Makardinali walimchagua Papa Urban VI, na baada ya miezi michache wengi wao wakamkana, wakamchagua Clement VII. Mmoja alikaa Roma, mwingine Avignon. Kila mmoja alimtenga mwenzake na Kanisa, kila mmoja aliteua maaskofu wake, na kila mmoja alidai kodi zake. Wafalme walijipanga nyuma ya papa aliyewafaa. Mkristo wa kawaida, aliyefundishwa kwamba hakuna wokovu nje ya utii kwa Papa, alibaki akijiuliza ni papa yupi. Mwaka 1409 makardinali wa pande zote mbili walikutana Pisa wakitaka kuuponya mpasuko. Waliwaondoa mapapa wote wawili kwa maneno, wakamchagua wa tatu. Wale wawili walikataa kuondoka. Kwa hiyo dawa ile iliongeza ugonjwa, na mapapa wakawa watatu.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Jan Hus. Alizaliwa yapata mwaka 1370 huko Husinec, kusini mwa Bohemia, katika nyumba ya watu wa kawaida. Baadaye aliandika bila kujificha kwamba alipokuwa kijana aliutamani upadre kwa ajili ya maisha mazuri na mavazi mazuri. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Praha mwaka 1396, akawekewa mikono kuwa padre mwaka 1400, na mwaka 1402 akapewa mimbari ya Kanisa Dogo la Bethlehemu.

Kanisa hilo linastahili kuelezwa. Lilianzishwa mwaka 1391 na watu wa mjini kwa kusudi moja, yaani mahubiri kwa lugha ya Kicheki. Liliitwa dogo kwa sababu halikuwa kanisa la parokia, ila lilichukua watu wapatao 3,000. Misa ilikuwa kwa Kilatini kila mahali. Hapa mhubiri alipaswa kusema kwa lugha ambayo mchuuzi, mwashi na mjakazi waliielewa. Hus alihubiri hapo Jumapili na sikukuu, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku. Aliwafundisha watu kuimba kwa Kicheki, na kitabu kidogo cha tahajia ya lugha hiyo, kilichopendekeza alama juu ya herufi kama zile zitumikazo hata leo, kwa kawaida huhesabiwa kuwa chake. Mataifa mengi yameanza kusoma na kuandika lugha yao kwa mikono ya wahubiri, na Wacheki ni mmojawapo wa mifano ya awali.

Mafundisho yake hayakuwa yake peke yake. Vitabu vya John Wycliffe, mwalimu wa Oxford aliyefariki mwaka 1384, vilifika Praha mikononi mwa wanafunzi Wacheki waliosoma Uingereza, miongoni mwao Jerome wa Praha. Wycliffe alifundisha kwamba Kanisa la kweli ni jamii ya wale waliochaguliwa na Mungu, na kwamba kichwa chake ni Kristo. Hus aliyapokea mengi ya haya, ingawa si yote. Hakumfuata Wycliffe alipokana badiliko la mkate katika misa. Katika chuo kikuu mabishano juu ya Wycliffe yaligeuka haraka kuwa mabishano ya mataifa. Walimu Wajerumani walikuwa na kura nyingi, nao walivikataa vitabu hivyo. Walimu Wacheki wengi walivitetea. Januari 1409 Mfalme Wenceslaus, mwana wa Charles, alitoa amri huko Kutná Hora kuwapa Wacheki kura 3 na mataifa mengine yote kura 1. Walimu na wanafunzi Wajerumani waliondoka Praha kwa mamia. Wengi walikwenda Leipzig, na mwaka huo huo kikaanzishwa chuo kikuu huko. Waliondoka na uchungu, na jina la Hus walilitaja popote walipofika kuwa jina la mzushi. Msomaji aukumbuke mji huo wa Leipzig.

Mambo yaliharibika kabisa mwaka 1412. Papa Yohane XXIII, aliyekuwa wa ukoo wa Pisa (na ambaye Kanisa Katoliki halimhesabu, ndiyo maana papa wa miaka ya 1958 hadi 1963 aliweza kulichukua jina na namba hiyo hiyo), alitangaza vita vya msalaba dhidi ya mfalme wa Napoli. Ili kuvilipia, vyeti vya msamaha vilipelekwa kuuzwa Praha. Hus alisema waziwazi kwamba Papa hana haki ya kuinua upanga kwa jina la Kanisa, wala msamaha wa Mungu haununuliwi kwa fedha. Mfalme, ambaye alipata fungu lake katika mauzo hayo, alikasirika. Vijana watatu waliopinga vyeti hivyo makanisani walikamatwa na kukatwa vichwa Julai 1412. Watu waliichukua miili yao kwa maandamano na kuizika katika Kanisa la Bethlehemu. Kisha mji wa Praha ukatishiwa kufungiwa ibada zote muda wote ambao Hus angekaa humo, watoto wasibatizwe wala wafu wasizikwe kwa sala. Ili watu wasiadhibiwe kwa ajili yake, Hus aliondoka mwezi Oktoba. Aliishi kwa wenyeji wake vijijini kusini, akihubiri mashambani, akaandika kitabu chake kikubwa juu ya Kanisa.

Hatimaye mpasuko wa mapapa ulimlazimu Mfalme Sigismund wa Ujerumani na Hungaria, ndugu wa Wenceslaus, kusukuma uitishwe Mtaguso Mkuu. Ulifunguliwa Konstanz, kando ya ziwa, tarehe 5 Novemba 1414. Sigismund alimwalika Hus aje kujieleza, akampa barua ya kumhakikishia usalama. Hus aliwasili tarehe 3 Novemba. Tarehe 28 mwezi huo huo alikamatwa. Aliwekwa katika monasteri ya Wadominiko, katika chumba kilicho karibu na choo, akaugua vibaya. Sigismund alipofika alikasirika kuona barua yake imedharauliwa. Viongozi wa Mtaguso walimjibu kwamba ahadi kwa mtu anayeshukiwa uzushi haiwezi kuizuia mahakama ya Kanisa, na kwamba akishikilia neno lake Mtaguso utavunjika. Alinyamaza. Kwa hesabu ya siasa alichagua umoja wa Kanisa zima badala ya mtu mmoja. Wacheki hawakuisahau hesabu hiyo.

Haifai kuwachora watu wa Konstanz kama genge la wanafiki. Pierre d'Ailly na Jean Gerson wa Paris walikuwa miongoni mwa watu wenye akili nyingi na bidii ya kulitengeneza Kanisa katika kizazi chao. Papa Yohane alipotoroka mji Machi 1415, hao hao walisimama imara, na tarehe 6 Aprili Mtaguso ukatangaza kwamba unapata mamlaka yake moja kwa moja kwa Kristo, na hata Papa anapaswa kuutii. Walimwondoa Yohane kwa makosa mazito. Basi iliwezekanaje watu waliomwondoa Papa wamhukumu padre aliyesema kwamba papa mwovu si papa wa kweli mbele za Mungu? Jibu laonekana katika mashaka yao wenyewe. Waliomvua Papa cheo walikuwa na haja kubwa ya kuonyesha kwamba wao si waasi. Isitoshe, kwao mamlaka ya Mtaguso ilikuwa dawa ya mwisho iliyobaki, na hapa alisimama mtu mmoja asiyekubali hata hiyo mpaka aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko.

Hus alisikilizwa hadharani tarehe 5, 7 na 8 Juni 1415. Siku ya kwanza kelele zilikuwa nyingi hata hakuweza kujibu. Mwishowe mashtaka yalikuwa 30. Mengine yalitoka kweli katika vitabu vyake. Mengine alisema hakuyafundisha kamwe. Na hapa ndipo kisa chote kilipolala. Kardinali Zabarella alimpa maneno laini ya kutubu, yaliyopimwa ili yasimwaibishe sana. Wengi walimsihi, tena kwa huruma. Hus alijibu kwamba kuyakana mafundisho ambayo hakuyashika kamwe ni kukiri kwamba aliyashika, na huo ni uongo mbele za Mungu. Tena wale aliowahubiria Bethlehemu miaka yote wangejikwaa wakisikia kwamba mhubiri wao alisema uongo ili aishi. Hakuwa akipigania fundisho jipya. Alikuwa akikataa kiapo cha uongo.

Jumamosi tarehe 6 Julai 1415 aliletwa katika kanisa kuu, akavuliwa mavazi ya upadre moja baada ya jingine, akavikwa kichwani kofia ndefu ya karatasi iliyochorwa mashetani watatu. Petr wa Mladoňovice, karani aliyefuatana naye kutoka Bohemia na kuyaandika aliyoyaona, asimulia kwamba mbele ya kuni aliulizwa kwa mara ya mwisho kama atakana, akakataa, naye akafa akiimba. Majivu yake yalitupwa katika mto Rhine ili wafuasi wasipate cha kuhifadhi. Jerome wa Praha, aliyekwisha kukana kwa hofu kisha akalirudia neno lake, alichomwa mahali pale pale tarehe 30 Mei 1416. Novemba 1417 Mtaguso ulimchagua Martin V, na Kanisa likawa tena na papa mmoja. Kazi iliyowaleta Konstanz ilikuwa imefanikiwa.

Na kile kikombe? Si Hus aliyekianzisha. Alipokuwa njiani na gerezani, mwenzake Jakoubek wa Stříbro alianza huko Praha, mwishoni mwa mwaka 1414, kuwapa watu wote mkate na divai, akisema kwamba Bwana aliagiza wote wanywe. Hus aliposikia aliunga mkono kwa barua. Mtaguso ukapiga marufuku desturi hiyo tarehe 15 Juni 1415, wiki tatu kabla ya kumchoma. Kwa hiyo mambo mawili, kifo cha mhubiri na katazo la kikombe, yalifika Bohemia karibu pamoja, na watu wakayashika kama jambo moja. Septemba 1415 mabwana na wakuu 452 waliweka mihuri yao katika barua za kuulaumu Mtaguso. Kikombe kikawa alama katika bendera, juu ya milango na katika ngao. Hata watoto wachanga walipewa Chakula cha Bwana.

Wenceslaus alikufa Agosti 1419, na mrithi alikuwa Sigismund, yule yule wa barua ya usalama. Wahusi hawakumkubali. Mwaka 1420 walitoa Makala Nne za Praha: Neno la Mungu lihubiriwe bila kizuizi, Chakula cha Bwana kitolewe kwa maumbo yote mawili kwa Wakristo wote, makasisi waache mali na utawala wa kidunia, dhambi za wazi ziadhibiwe bila kujali cheo cha mtu. Wakulima na mafundi wenye msimamo mkali walijenga mji juu ya kilima, wakauita Tábor. Papa alitangaza vita vya msalaba juu yao, si mara moja bali tena na tena, na kila mara majeshi makubwa yalirudishwa. Kiongozi wao wa kwanza, Jan Žižka, alikuwa na jicho moja, na mwaka 1421 akalipoteza hilo lililobaki; aliendelea kuongoza vita akiwa kipofu mpaka alipofariki mwaka 1424. Magari ya kukokotwa na farasi yalifungwa pamoja kwa minyororo yakawa ngome, na nyuma yake wakulima wenye mapura na bunduki za mwanzo waliwashinda mashujaa waliovaa chuma. Agosti 1431 huko Domažlice jeshi la msalaba lilikimbia, na Kardinali Cesarini aliyeliongoza aliacha nyuma hata kofia yake.

Haitakuwa haki kuyasimulia hayo kama ushindi mtupu. Waliokufa kwa ajili ya kikombe waliua pia kwa ajili ya kikombe. Monasteri zilichomwa pamoja na waliokuwamo, na Žižka aliwaua hata watu wa Tábor wenyewe aliowaona wamepotoka kupita kiasi. Petr Chelčický, mtu wa shamba aliyejisomea Maandiko, aliwaambia wakati ule ule kwamba Mkristo hawezi kuitetea imani kwa upanga, wala wake wala wa mfalme. Wachache walimsikiliza. Ila hata adui alikiri jambo moja: Enea Silvio Piccolomini, Mwitalia aliyekuja baadaye kuwa Papa Pius II, aliandika kwamba mapadre wa Italia hawajasoma Agano Jipya hata mara moja, ilhali miongoni mwa watu wa Tábor ni shida kumpata mwanamke asiyeweza kujibu habari zake.

Vita vikawachosha wote. Mwaka 1432, katika mji wa Cheb, ilikubaliwa kwamba katika mazungumzo Maandiko, desturi ya Kristo na ya mitume, na Kanisa la kwanza ndivyo vitakavyokuwa mwamuzi. Januari 1433 wajumbe wa Wahusi waliingia Basel na kukaa mbele ya Mtaguso mwingine wakijadiliana kama wenye haki ya kusikilizwa, jambo ambalo Hus hakulipata. Wahusi wa wastani waliwashinda wenzao wa Tábor kwa silaha huko Lipany tarehe 30 Mei 1434, na mwaka 1436 mapatano yakatangazwa Jihlava: watu wa Bohemia na Moravia wanaotaka kikombe watapewa. Mengine ya Makala Nne yalipunguzwa nguvu mpaka hayakudai kitu. Pius II aliyafuta mapatano hayo mwaka 1462, lakini kikombe kiliendelea kutolewa Praha kwa muda wa karibu miaka 160.

Julai 1519 Dkt. Martin Luther alisimama Leipzig kujadiliana na Johann Eck. Eck, aliyejua vizuri jina la Hus linamaanisha nini katika mji ule, alimsukuma aseme kama anakubaliana na mzushi wa Bohemia. Baada ya mapumziko Luther alijibu kwamba miongoni mwa makala za Hus zilizohukumiwa Konstanz zimo nyingi zilizo za Kikristo na za Kiinjili kabisa. Maana yake ilikuwa kwamba Mtaguso Mkuu unaweza kukosea. Baadaye mwaka huo alipata kitabu cha Hus juu ya Kanisa kutoka kwa mapadre wa Praha, akastaajabu kuona kwamba alikuwa akifundisha mambo ya Hus bila kujua. Hata hivyo wawili hao hawakuwa sawa: Hus alikufa akishika misa na toharani, na hakuifundisha haki kwa imani kama Luther. Mwaka 1521, Luther alipoitwa Worms kwa barua ya usalama ya Kaisari, rafiki zake walimkumbusha barua ya Sigismund. Alikwenda. Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, katika Makala ya 22, yanadai maumbo yote mawili kwa watu wote. Kuna pia hadithi kwamba Hus, ambaye jina lake kwa Kicheki ni bata bukini, alitabiri kwamba baada ya miaka 100 angekuja batamaji mweupe asiyeweza kuokwa. Hus hakusema hivyo. Luther mwenyewe ndiye aliyeyajumlisha maneno hayo mwaka 1531. Hadithi imebaki, na katika Ujerumani ya kaskazini minara kadhaa ya makanisa ya Kilutheri ina batamaji mahali pa jogoo.

Bohemia yenyewe ilikipoteza kikombe. Baada ya kushindwa katika Mlima Mweupe tarehe 8 Novemba 1620, viongozi 27 waliuawa katika uwanja wa Praha Juni 1621, wachungaji wakafukuzwa, na kikombe cha dhahabu kilichokuwa mbele ya kanisa la Týn kikateremshwa. Tarehe 17 Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II alitamka masikitiko yake makubwa kwa kifo cha kikatili alichouawa Hus.

Kundi dogo lililotokana na maneno ya Chelčický, Umoja wa Ndugu wa mwaka 1457, liliishi kwa kujificha. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walivuka mpaka wakapewa makao katika ardhi ya Zinzendorf, mtawala Mlutheri, wakajenga Herrnhut. Kutoka huko wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, miaka miwili kabla wale wa Leipzig hawajafika Kilimanjaro. Wote wawili, kusini na kaskazini, waliwapa watu mkate na kikombe.